Bunduki ya Fundi Cherehani

Bi Msasa alipewa jina hilo na wateja wa baba yake, kwa sababu tangu akiwa msichana vidole vyake vilikuwa vimeparuzika kwa kusugua vitako vya bunduki. Sasa ana miaka hamsini na saba na jina limemganda. Duka lao ni la fundi bunduki, la pekee lililobaki mjini: chumba kimoja kirefu chenye dirisha la nondo, meza nzito yenye jiliwa mbili za kubania chuma, kabati la chuma lenye kufuli tatu, na harufu ya mafuta isiyotoka hata ukisugua sakafu kwa sabuni ya unga. Juu ya mlango kuna kibao chenye jina la baba yake. Mzee mwenyewe, ambaye kila mtu humwita Fundi Mkuu, ana miaka themanini na sita. Macho yamefifia lakini akili ni nzima, na kila asubuhi huketi kwenye kiti cha kukunja karibu na mlango, akipokea shikamoo za wapita njia kana kwamba anakusanya haki yake.

Mume wa Bi Msasa naye alikuwa fundi kwenye duka hilohilo. Walimwita Taratibu, maana mteja akimharakisha hilo ndilo lilikuwa jibu lake la pekee. Alifariki miaka ishirini na miwili iliyopita, na alipofariki hakuwa fundi bunduki tena. Alikuwa akichomelea mageti na madirisha kwenye karakana ya watu wengine.

Jumatatu moja aliingia mwanamke mrefu, mwalimu mstaafu, amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka. Alimwamkia Fundi Mkuu kwa heshima zote. Kwa Bi Msasa hakutoa salamu. Akaweka mzigo mezani, akaweka na barua ya polisi ya kuruhusu bunduki itengenezwe, akafungua shuka.

Bi Msasa aliijua kabla haijamalizika kufunuliwa. Ilikuwa bunduki ya marisawa, ya zamani sana, yenye mitutu miwili iliyolala sambamba. Mtutu wa kulia ulikuwa umepasuka shibiri moja na nusu mbele ya bawaba, chuma kimefunguka nje kama maganda ya ndizi. Mbao ya mbele, ile ambayo mkono wa kushoto hushikilia, ilikuwa imechanika na kujibana kwenye mitutu, na skrubu zake zimepinda. Kitako kilikuwa na ufa kuanzia shingoni. Na kutu imekula kila mahali.

Mwalimu alisema baba yake alifariki miezi miwili iliyopita. Miaka thelathini na mmoja bunduki hiyo ilikaa juu ya kabati la chumbani mwake, imepasuka vilevile, naye akiitazama kila alipolala na kila alipoamka. Yeye Mwalimu hakutaka iweze kufyatua tena. Alitaka tu kuiona nzima, aitundike ukutani chini ya picha ya mzee.

Bi Msasa alimwuliza kwa nini ameileta hapa.

"Mumeo ndiye aliyeiharibu," Mwalimu alijibu, bila kupandisha sauti. "Nimeona ni haki itengenezwe na mkono wa nyumba hiyohiyo."

Kwenye kiti chake karibu na mlango, Fundi Mkuu alikohoa, akageuza uso barabarani.

Inafaa nieleze yaliyotokea, maana wengi wa siku hizo wamekwenda. Baba yake Mwalimu alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa suti, mwenye mikono miepesi iliyosifiwa mji mzima. Jumapili zake zilikuwa za kuwinda kanga na kwale. Bunduki aliirithi. Mwaka ule aliileta dukani kwa sababu ndani ya mitutu kulikuwa na vishimo vya kutu na kitako kilikuwa kinacheza. Ilikaa dukani tangu Juni. Alikabidhiwa mwanzoni mwa Agosti, inang'aa. Jumapili iliyofuata, risasi ya kwanza ilitoka salama. Ya pili ilipasua mtutu na kuondoka na vidole vitatu vya mkono wake wa kushoto na nusu ya kiganja. Hakushona tena. Mkewe alikaa sokoni akiuza vitambaa alivyokuwa navyo mpaka vikaisha.

Polisi walitaka mtu anayeelewa bunduki awaambie kilichotokea. Mtaalamu waliyemwita alikuwa Fundi Mkuu. Akaigeuzageuza mikononi, akasema kwamba mkwewe, aliyepewa kazi ya kitako mwezi wa Julai, alitaka kujionyesha fundi kamili, akaingiza ufito wenye meno wa kukwangulia chuma na kukwangua mitutu ndani bila kuuliza mtu, mpaka chuma kikawa chembamba. Aliomba radhi kwa niaba yake. Akaahidi kwamba kijana hatagusa tena bunduki mjini humo. Pia aliwashauri jamaa wa fundi cherehani wakaitupe mtoni, kwa kuwa kitu cha namna hiyo hakifai kukaa nyumbani. Fundi cherehani alikataa. Ilikuwa ya baba yake.

Taratibu alikana. Alikana kwa polisi, akakana mbele ya baba mkwe, kisha akarudi nyumbani na kumwambia mkewe, "Mimi sikuingiza kitu ndani ya mitutu ile. Baba yako ndiye aliyeifanya kazi hiyo."

Bi Msasa wakati huo alikuwa na mtoto wa miezi miwili mgongoni. Alimwambia mumewe kwamba baba yake hajawahi kusema uongo maishani mwake, na kwamba mwanamume mzima akikosea hukubali. Hayo ndiyo maneno aliyoyasema, na hakuyarudisha.

Waliishi pamoja miaka tisa zaidi. Taratibu aliondoka asubuhi na kurudi jioni na macho mekundu ya mwanga wa kuchomelea. Hakupiga kelele, hakunywa, hakutoroka. Ila kitandani alilala ubavu, uso ukutani, na mezani alizungumza na binti yao tu. Fundi cherehani aliwahi kumkuta njiani akamtemea mate kifuani, Taratibu akajifuta kwa leso na kuendelea na safari yake. Mwishowe kifua kikamshinda. Mkewe alimwuguza vizuri, alimgeuza, alimwosha, alimpikia uji. Kumwamini tu ndiko kulikoshindikana.

Basi hiyo ndiyo bunduki iliyokuwa mezani.

Bi Msasa alianza na kitako, kwa kuwa mbao ilikuwa kazi aliyoizoea tangu utotoni. Aliufungua ufa, akausafisha kwa brashi ya meno, akaugandisha kwa gundi na kupitisha pini mbili za shaba mahali ambapo jicho halifiki. Kisha msasa: mkali, wa kati, laini, halafu mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka moja kila siku kwa siku kumi na mbili. Rangi ya mbao ilianza kurudi, kahawia yenye mishipa myeusi. Alikiri moyoni kwamba bunduki ilikuwa nzuri, na kukiri huko kulimkera.

Baba yake alikuwa akiuliza kila siku imefikia wapi. Siku ya tano alimwambia asihangaike na mitutu, auchomelee ule mpasuko juu juu, apake weusi, ampe mwenyewe aondoke nayo. Mbao ya mbele aiache ilivyo, au aikate achonge nyingine. Bi Msasa alishangaa. Huyu ndiye mtu aliyemchapa mkononi zamani kwa kuacha mstari mmoja wa tupa mahali pasipoonekana. Akadhani ni uzee.

Hakuikata mbao ya mbele. Aliiloweka kwa mafuta mepesi, akaipasha moto kidogo, akasubiri, akaipasha tena. Siku ya nne ya kuiloweka, skrubu ya kwanza ilizunguka robo. Siku ya sita mbao ikaachia, vipande viwili, na chini yake mitutu ikaonekana kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Palikuwa na tope gumu la mafuta ya zamani na kutu. Aliliondoa kwa kitambaa na kijiti cha mwanzi ili asikwaruze chuma.

Chini ya tope palikuwa na nukta tatu zilizogongwa kwa msumari, zimepangwa pembetatu. Pembeni yake tarakimu ndogo za mkono: siku, mwezi, mwaka.

Nukta tatu zilikuwa alama ya baba yake. Aliigonga kila alipokwangua mitutu kwa ndani, kazi ambayo hakumwachia mtu, wala mkwewe wala binti yake. Aliwafundisha wote wawili kwamba fundi asiyeweka alama hana uso. Na tarehe ilikuwa tarehe kumi na nne Juni.

Bi Msasa aliketi kwenye kigoda. Alama mtu anaweza kuiga. Tarehe hiyo hakuna mtu aliyeijua kuliko yeye. Usiku wa kumi na mbili Juni alilazwa hospitali, akapasuliwa, na binti yao akazaliwa akiwa hapumui vizuri. Kwa siku nane Taratibu hakutoka wadini. Alilala sakafuni chini ya kitanda chake juu ya kadibodi, wauguzi wakamzoea wakawa wanamtuma maji. Yeye mwenyewe alimwona, kila alipofumbua macho.

Alichukua kipimo cha unene na kupima mitutu, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Upande wa juu ulikuwa sawa. Upande wa chini ulikuwa na nusu tu ya unene unaotakiwa, mtutu wa kulia na wa kushoto. Ufito ulipita upogo, ukila upande mmoja. Mzee alikuwa ameshaanza kupungukiwa na macho mwaka ule na hakumwambia mtu.

Ilikuwa saa sita mchana. Alifunga mlango wa duka kwa ndani, akageuza kile kiti cha kukunja, akamwekea baba yake mitutu mapajani bila kusema neno. Mzee aliipapasa. Kidole gumba kikateremka chini, kikatafuta, kikasimama kwenye nukta.

"Nilikwambia uiache ile mbao," alisema.

Bi Msasa alimwuliza ni kwa nini.

Alieleza kwa utulivu, kama anayemweleza mteja. Leseni ilikuwa kwa jina lake. Wangemnyang'anya, duka lingefungwa, na watu saba walikuwa wanakula kupitia mlango ule, Bi Msasa na mtoto wake wakiwa ndani ya hao saba. Yeye alikuwa na miaka hamsini na mitano, angeanza kazi gani? Taratibu alikuwa kijana. Alidhani ataumia mwaka mmoja, miwili, halafu ataanza upya.

"Hakuanza upya, baba."

"Sikujua kama ataichukulia vile."

"Alilala na uso ukutani miaka tisa."

 Mzee akainua uso, na macho yake ya ukungu yakatafuta sauti ya binti yake ilipo.

"Mimi nilisema mara moja tu, mwanangu, mbele ya polisi. Sikurudia tena. Wewe ndiye uliyekaa naye miaka tisa. Mbona hukumwamini?"

 Bi Msasa alichukua mitutu mapajani mwa mzee, akairudisha mezani, akafungua mlango. Mteja alikuwa nje anasubiri mkanda wa bunduki. Akamhudumia.

Wiki tatu zilizofuata alifanya kazi ambayo hajawahi kufanya nzuri kuliko hiyo, na hakuifurahia hata kidogo. Alichomeka mhimili wa chuma ndani ya mtutu, akaupasha mpasuko moto hadi ukawa mwekundu, akaulaza ganda moja baada ya jingine kwa nyundo ya shaba. Akachomelea mshono. Kuchomelea alijifunza kwa kumtazama mumewe uani, siku chache ambazo alikuwa akitengeneza vitu vya nyumbani na hawakuwa wakisemeshana. Akapiga tupa, akapiga msasa, akatia chuma weusi mara tano. Ndani ya mitutu aliziba kwa vyuma alivyovichomelea, ili asije mtu siku moja akatia risasi. Ile mbao ya mbele aliiunganisha. Nukta hakuzigusa.

Mwalimu alipokuja, aliipokea kwa mikono miwili. Alipitisha kiganja mahali palipokuwa na mpasuko, hakuuhisi, akafumba macho. Bi Msasa alimwomba aketi. Kisha akaifungua mbao ya mbele mbele yake, akamwonyesha alama, akamweleza ni ya nani, na tarehe, na hospitali. Kiti cha kukunja kilikuwa kitupu siku hiyo, mzee alisema anaumwa mgongo.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana mtu. Aliuliza kama ana hakika, Bi Msasa akasema anayo. Akailaza bunduki magotini.

"Binti yako nilimfundisha darasa la pili," alisema. "Mwaka mzima sikumwita kwa jina lake. Nilimwita 'wewe.' Nilimketisha nyuma. Akinyoosha mkono, nilimruka."

"Hakuniambia."

"Angekuambia vipi?"

Aliifunga bunduki kwa shuka. Mlangoni alisimama, akasema baba yake alikufa akimlaani mtu ambaye siye, na sasa hajui afanye nini na laana yote hiyo. Halafu akaenda zake. Baadaye Bi Msasa alisikia kwamba hakuitundika. Iko juu ya kabati, palepale ilipokuwa.

Jioni ya siku aliyokuja Mwalimu, Bi Msasa alimpigia simu binti yake, anayeishi mji mwingine na huja nyumbani kwa nadra, akikaa siku mbili na kukumbuka kwamba ana shughuli. Binti aliamkia, akauliza hali. Mama akamwambia yote, kwa mkupuo, akihofu kwamba akipumua ataacha. 

"Baba aliniambia nikiwa na miaka minane," binti akasema. "Nilimwuliza, akaniambia. Mimi nilimwamini siku hiyohiyo."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Alinikataza. Alisema ukilazimishwa kuchagua utamchagua babu tena, na yeye hataki kuliona jambo hilo mara ya pili."

Kisha akasema kwamba mtoto wake analia, atapiga kesho. Alipiga baada ya wiki mbili, wakazungumza juu ya ada za shule na mvua.

Bi Msasa alipiga moyo konde akaenda ofisi ya leseni. Aliandika maelezo kurasa nne, akayasaini, akaambatanisha picha za nukta alizopiga kwa simu kabla hajairudisha bunduki. Alitaka jina la mumewe lisafishwe kwenye kumbukumbu. Ofisa kijana mwenye adabu alimpa kiti, akaenda stoo, akarudi na vumbi kwenye mikono ya shati. Majalada ya miaka ile yalichomwa zamani kwa utaratibu. Alitafuta na kwenye kompyuta. Jina la Taratibu halikuwepo kabisa, wala kama fundi, wala kama mkosaji.

"Kwetu sisi, mama, mumeo hana kosa lolote," ofisa alisema, akifurahi kumpa habari njema. "Hajawahi kuwa nalo."

Alimrudishia kurasa zake nne.

Baba yake bado yu hai. Bi Msasa humpelekea chakula kwa saa zake, humkatia nyama vipande vidogo, humfulia. Humwambia maji haya hapa, daktari ni Alhamisi, inua mkono. Zaidi ya hapo hana la kumwambia, na mzee haombi. Kibao cha juu ya mlango alikishusha, na wateja walipouliza alisema kimeoza. Shikamoo zinaendelea. Mara moja alijaribu kumweleza kinyozi wa jirani, mtu aliyekuwapo enzi hizo, naye akatikisa kichwa na kusema mambo ya kale hayo, mzee mwenyewe ndiye huyo anakwenda, mwache apumzike. Akajaribu kwa wengine wawili. Mmoja alikuwa amesahau kabisa. Wa pili alikumbuka habari ya vidole, akamkumbuka fundi cherehani na suti zake, lakini Taratibu alikuwa hamjui ni nani.

Mtu wa mwisho aliyemwendea ni mwenye karakana ya mageti, mzee wa rika la baba yake, anayetembea kwa fimbo kati ya nondo na mabati. Bi Msasa alisimama kwenye cheche na kelele akamweleza kwamba mumewe hakuiharibu bunduki ile, kwamba lilikuwa kosa la mtu mwingine, na amekuja kumwambia kwa sababu alimpa kazi wakati hakuna aliyetaka kumpa.

Mzee alimsogezea ndoo iliyopinduliwa aikalie. 

"Sisi hapa hatukumwuliza," alisema. "Siku ya kwanza alituambia si yeye. Tukasema sawa, tukampa barakoa ya kuchomelea."

Bi Msasa alikaa juu ya ndoo mpaka mafundi walipotoka kwenda kula. Kisha akaaga, akarudi kufungua duka.